Aliyepiga Bati Gizani

Benchi la pale kona ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Tundu la kitasa bado lipo, kwa hiyo anayekaa katikati hukaa kwa adabu. Kushoto kuna kinyozi, kulia kuna mashine ya kusaga, na mbele ya benchi Shemeji ametua na jiko lake na buli la kahawa. Mtaa mzima humwita Shemeji, ingawa hakuna aliyewahi kumwoa dada yake. Wazoefu wa hapo hawazidi watatu. Yuko Karani, mstaafu wa mahakama, aliyenakili hukumu za wenzake miaka thelathini na sasa anatoa za kwake bure. Yuko Wembe, kinyozi, ambaye huongea kama anavyonyoa, haraka na bila kuuliza. Na yuko Bi Mashine, mwenye mashine ya kusaga, mama wa miaka sitini na ulimi wa miaka ishirini. Yeye hunywa kikombe kimoja, humchoma mtu mmoja, kisha saa tatu huenda kuwasha mota. Asubuhi ile alikuwa kwenye kikombe cha tatu, na alikuwa hajamchoma mtu.

Walikuwa wakizungumza habari za jana usiku. Katika ghala la mbao lililogeuzwa ukumbi, kijana wa Bi Mashine, yule wanayemwita Waya, alipiga muziki mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mtaa ulikwenda, wengine kwa mapenzi, wengine kwa umbea, ambao nao ni aina ya mapenzi. Waya alikaa sakafuni na mtambo aliouunda mwenyewe, wenye vidude vya kuzungusha kama vya redio ya zamani na nyaya zilizomwagika kama matumbo ya mbuzi. Kando yake alisimama dada mmoja na tarumbeta. Walisema mapema, bila haya, kwamba hawakufanya mazoezi, na kwamba hawajui watapiga nini, watasikilizana tu. Na kweli wimbo haukuwepo. Zilikuwepo sauti.

Halafu katikati ya mambo umeme ukakatika. Mtambo ukanyamaza, giza likajaa. Humo gizani mtu akaanza kupiga bati: mara tatu, akanyamaza, mara tatu, akanyamaza. Tarumbeta ikanyemelea ikaingia pale penye kimya, ikatoka, ikaingia tena, na watu mia na ushei wakakaa bila hata kukohoa, kwa muda wa kusaga debe zima. Umeme uliporudi walisimama wakapiga makofi mpaka vumbi la mbao likadondoka kutoka darini.

Kwa hiyo benchi lilikuwa na maswali mawili: umeme ulikatwa na nani, na bati lilipigwa na nani. Jibu la yote mawili lilikuwa limekaa mwisho wa mlango, limeshika kikombe.

Bi Mashine alikuwa amekwenda ukumbini bila hamu. Wiki tatu mwanawe alimbembeleza, na wiki tatu alimjibu kwamba kelele anazo za kumtosha kazini. Alipofika hakutaka kukaa katikati ya watu waliojipulizia manukato, akasimama ukutani, karibu na kile kisanduku cha bati cha swichi kuu. Muziki ulipoanza, zile sauti zikamshika. Alisikia mvua juu ya paa na mvua haipo. Alisikia mlango ukilia kwa bawaba kavu, mlio ukavutika, ukawa watoto wanacheka mbali. Alimwona mwanawe akizungusha kidude kwa ncha za vidole viwili, vilevile yeye anavyobana unga kujua kama umelainika. Hilo lilimwingia, ingawa hangelikiri hata kwa kiapo.

Ndipo akasikia mluzi mwembamba, na nyuma ya mluzi: ta, ta, ta, kama ukucha kwenye sinia.

Mwenye mashine ya kusaga hahitaji kuambiwa hiyo ni nini. Mkanda unaozungusha mashine haukatiki bila kuaga. Kwanza hupiga mluzi, kisha kiungo chake huanza kugonga gurudumu, na baada ya hapo ni majaliwa. Miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye mashine ya mama mkwe wake, mkanda uliaga hivyohivyo, hakuna aliyeusikiliza, ukamchapa mumewe mkono ukavunjika mahali pawili. Mpaka leo mzee huyo hufunga vifungo kwa mkono mmoja. Basi jana mkono wa Bi Mashine ulifika kwenye swichi kabla ya akili yake. Na alipokwisha kuzima akafanya kile alichofundishwa na mama mkwe, maana mota ikizimwa haisimami papo hapo, huzunguka yenyewe kwanza: akagonga bati mara tatu, akapumzika, akagonga tena, ili wateja wajue wasisogeze mikono. Alipohamia kona hii aliiacha desturi hiyo, majirani walilalamikia makelele. Jana mkono uliikumbuka wenyewe. Aliposikia tarumbeta inamjibu ndipo akajua yuko wapi. Akaona aibu kuacha, akaona aibu kuendelea, akaendelea. Kisha akapandisha swichi, akatoka kabla macho ya watu hayajazoea mwanga.

Angeweza kunyamaza nalo mpaka kaburini, isingekuwa Waya. Kijana alijua jambo moja tu: kwamba mtambo wake ulielemea umeme, ukazima ukumbi mzima mbele ya watu. Yale makofi aliyapokea kama rambirambi. Hakula. Alfajiri alisema kupitia mlangoni kwamba mtambo anampa Wembe, akakuzie sauti ya redio pale dukani kwake, maana kitu kisichoweza kusimama mbele ya watu bila kuwatia gizani si cha kupigia muziki, na yeye ameacha. Angeuleta saa mbili na nusu. Bi Mashine alisimama upande wa pili wa mlango ule na neno mdomoni, na neno halikutoka.

Halikutoka kwa sababu ya benchi. Miaka kumi amekaa hapo akiwasema. Wembe alipomnyoa bwana harusi nyusi moja, aliisema nyusi hiyo mwaka mzima. Karani alipoingia kwenye mazishi yasiyo yake akalia mpaka mwisho, analisema mpaka kesho. Sasa yeye ndiye amemzimia mwanawe muziki kwa kuogopa mkanda usiokuwepo. Wangelila jambo hilo asubuhi na jioni, na mifupa wangeitafuna.

— Mtambo ule una nguvu kupita kiasi, alikuwa akisema Wembe. Uliunyonya umeme wa mtaa. Hata mashine yangu ya kunyolea ilipunguza mwendo.

— Jana ulifunga mapema, Shemeji akamkumbusha.

— Ilipunguza ikiwa ndani ya droo.

Karani akaliunga mkono. Alisema hata wahenga waliliona hilo waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Kwani zile spika si zilivishwa nguo nyeusi? Joto litokee wapi? Kahawa ikampita Bi Mashine njia isiyo yake, akakohoa mpaka Shemeji akampa maji.

Shemeji hakukubali hata kidogo. Yeye alikaa mbele kabisa, na aliloliona aliliona. Si mtambo, ni yule dada. Alianza kwa kupuliza tarumbeta bila sauti, upepo mtupu, kama mtu anayepoza chai ya mtoto. Mashavu yakajaa. Upepo ukaingia kwenye kipaza sauti, kutoka kipaza sauti ukaingia kwenye waya, ukakimbia na waya mpaka kwenye fyuzi, na fyuzi ikazimika kama mshumaa.

— Tangu lini pumzi inapita kwenye waya? aliuliza Wembe.

— Sauti inapita, haipiti?

— Inapita.

— Na sauti ni nini, kama si pumzi iliyovaa nguo?

Wembe akanyoosha kikombe kiongezwe kahawa. 

Hapo Karani akasafisha koo kama mtu anayesoma hukumu, na wenzake wakajua kwamba kesi imefika mahakama ya rufani. Alisema umeme haukukatwa na mtu. Mtambo wenyewe ulinyamaza, kwa heshima, kwa sababu ulisikia kitu kingine kinataka kuongea. Ghala lile limelaza mbao miaka arobaini, na paa, nguzo na kuta zake ni mbao tupu. Na mbao ni nini? Ni miti. Jana zimesikilizishwa upepo, mvua na ndege, vitu ambavyo hazijavisikia tangu zilipokuwa zimesimama. Zikakumbuka. Sasa mti ukikumbuka, alisema, hukumbuka cha mwisho kwanza.

— Shoka, alisema taratibu. Pa, pa, pa, mkata miti anavuta pumzi. Pa, pa, pa, anavuta pumzi. Nyinyi mlisikia bati. Mimi nilisikia shoka.

— Miti haina mikono, Karani.

— Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyejua kibaba kimetafuta nini pale, lakini Wembe alijipapasa mkono, vinyweleo vilivyosimama vilale. Hata Bi Mashine alikiri moyoni kwamba shoka la Karani lilikuwa zuri kuliko ukweli.

Kisha Wembe, mtu ambaye redio yake haijawahi kunyamaza tangu afungue duka, akasema jambo ambalo hawakulitarajia kwake. Alisema jana alipofika nyumbani alizima redio, akakaa jikoni akasikiliza bomba linavyodondosha. Matone hayakuwa yanalingana. Moja lilikuwa linachelewa, na yeye akajikuta analingoja hilo moja. Mkewe alikuja kumshika paji la uso kuona kama ana homa. Karani naye akasema machozi aliyotoa pale ukumbini yalikuwa ya vumbi la mbao, ingawa hakuna aliyemuuliza. Shemeji akasema ameishi miaka hamsini akidhani kusikia na kusikiliza ni kitu kimoja. Bi Mashine aliyapokea maneno hayo moja moja, na kila moja lilimwongezea uzito, maana hakuna hata moja lililokuwa limemfikia mwenye mtambo.

Waya akaja na boksi la mtambo kifuani, macho mekundu, shati la jana. Akawaamkia wote kwa pamoja, shikamooni, akaliweka boksi mapajani mwa Wembe. Wembe akalipokea kama mtoto wa wenyewe.

— Hongera, mwanangu, alisema Karani, akampa mkono. Ndiyo maana tunasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Karani, hilo ni tusi, alisema Bi Mashine. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

— Ni tusi kwa sura tu.

Waya akaomba radhi kwa lile giza. Wakamwambia giza ndilo lilikuwa tamu kuliko yote. Akasema ahsanteni, kwa sauti ya mtu aliyeletewa pole na sukari, akaanza kumweleza Wembe waya upi unaingia wapi kwenye redio, na kwamba ule mwekundu asiuguse akiwa na maji mkononi. Mama yake alimtazama akieleza. Alikuwa akieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayemkabidhi mlezi dawa za mgonjwa.

Ndipo dada wa tarumbeta akatokea upande wa kwa kinyozi, mfuko wa tarumbeta begani. Akawasalimu, akakataa kiti, akakubali kahawa. Alisema hakuja kukaa, amekuja na swali moja.

— Aliyepiga bati jana ni nani? Nimeshapiga na watu wengi. Hakuna aliyewahi kuniachia nafasi kama ile.

Wembe akamtazama Shemeji. Shemeji akatazama buli. Karani alikuwa na shoka lake mdomoni, lakini mtu wa mahakama hatoi ushahidi wa kusikia mbele ya shahidi wa kuona; akalimeza. Waya alitikisa kichwa, hajui.  Na Wembe, kwa kukosa la kufanya, akaanza kulifungua boksi.

— Acha hilo, alisema Bi Mashine. Ni mimi.

Wakageuka.

— Bati ni mimi. Na umeme ni mimi. Mtambo hauna kosa, mrudishie mwenyewe.

Akayasema yote kwa mkupuo, kama anayemeza dawa chungu: mluzi, kiungo, mkono wa mumewe, swichi, desturi ya mama mkwe. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama Wembe, maana ndiye aliyekuwa akimdai kicheko, na akamwona kicheko kinampanda polepole kutoka tumboni.

— Nyusi, alisema Wembe, kwa furaha ya mtu aliyeachiwa huru. Kuanzia leo sitaki kuisikia ile nyusi.

— Hutaisikia.

— Wala mazishi yangu, akadakia Karani.

— Wala mazishi yako.

Waya hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mama yake kama alivyokuwa akichuchumaa utotoni akifungwa viatu.

— Lile bati nililisikia, alisema. Nikasema ni masikio yangu, nimeota mashine ya bibi. Lakini mama, ulisikia mkanda?

— Nimekwambia nilisikia. Mluzi, halafu kiungo. Na sikudhani, mwanangu. Ningedhani nisingezima. Niliamini.

— Ule ulikuwa mkanda.

— Mkanda gani?

— Wako. Jumanne nilitundika simu kwenye msumari nyuma ya mota, nikarekodi. Sikuongeza kitu. Nilikuta kasauti kadogo chini ya kelele zote, nikakapenda, nikakapandisha mpaka kakawa kakubwa.

Hapo Bi Mashine akaweka kikombe chini. Siku tatu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye mota ile, akisaga, akiwapigia wateja kelele, na hakusikia lolote. Sikio la mwenye mashine ni kama pua ya muuza samaki. Ilimbidi aende kwenye ukumbi wa watu, akae gizani na wenye manukato, ndipo asikie kilichoko kwake.

— Jumanne, alisema. Na leo Ijumaa.

Akainuka, na benchi likainuka naye, hata Shemeji akaliacha jiko. Alifungua mlango wa mashine, hakugusa swichi. Aliushika mkanda kwa mikono, akauzungusha polepole, shibiri kwa shibiri, mpaka kiungo kikaja juu. Kilishonwa kwa vyuma vitano. Vitatu vilikuwa vimeng'oka kabisa. Cha nne kililegea kama jino la mtoto. Aliukunja mkanda kidogo tu, na mpasuko ukafunguka ukaonyesha nyuzi, nyeupe, zimechakaa, chache za kuhesabika.

Karani akavihesabu vyuma kwa kidole, bila methali. Wembe alitazama pale ambapo yeye mwenyewe husimama kila Jumamosi akisubiri unga wake, sambamba kabisa na gurudumu, akarudi nyuma hatua mbili. Dada wa tarumbeta akainama akakigusa kiungo kwa kidole, akakigonga mara moja kwenye chuma: ta. Akamtazama Waya, na Waya akamtazama. Boksi lilikuwa tayari kwapani mwa Waya. Wembe aliapa baadaye kwamba hakulirudisha, lilitembea lenyewe.

Bi Mashine alichukua kisu akaanza kukata mshono.

— Hayo masikio yako, alisema bila kugeuka, usimwachie mtu akunyolee.

Waya alijifanya anatafuta kitu ukutani, na walio na akili walimwacha akitafute.

Wakati huo akaingia mteja na gunia la nafaka kichwani, mama wa mtaa wa pili, mwenye haraka zake. Akaona umati, akaona mkanda uko chini, akauliza kama leo hakuna kusaga. Bi Mashine akamwambia mkanda umechoka, anashona mwingine, arudi saa saba.

— Umejuaje umechoka, na hata hujawasha?

— Nimeusikia jana. Kwenye muziki.

Yule mama akalitua gunia.

— Muziki gani huo?

Bi Mashine akamtazama mwanawe. Mwanawe akamtazama dada wa tarumbeta. Dada akaitoa tarumbeta mfukoni akaanza kuifuta pale ambapo palikuwa safi. Karani akapeleka kikombe mdomoni, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Saa saba, alisema Bi Mashine, akapiga magoti kutafuta vyuma.